Zamu ya Ijumaa

Mtaani kwetu hakuna mchungaji wa kuajiriwa. Tuna nyumba saba, na kila nyumba ina siku yake ya kupeleka ng'ombe wa mtaa mzima malishoni. Siku yako ikikukuta una harusi, utakwenda na nguo za harusi. Ikikukuta umekufa, wanao watakwenda, halafu watarudi kukuzika.

Tulipopiga kura zamani, sisi tukaangukiwa na Jumapili. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sisi ni Wakristo wa kanisa la mtaa wa juu, wajukuu wa Wajerumani waliokuja huku nchi ya Wakirgizi na Biblia zao na nguruwe wao, na Jumapili hata kiazi hatumenyi, tunamenya Jumamosi. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Mzee Asankul, ni Mkirgizi na Mwislamu, naye kura ilimpa Ijumaa, siku yake ya msikitini. Akamwangalia mwanangu Kornelius, Kornelius akamwangalia yeye.

"Nipe Jumapili yako," Asankul akasema, "nikupe Ijumaa yangu. Ng'ombe hajui dini."

Tangu siku hiyo, sisi tukiimba kanisani yeye yuko mashambani na ng'ombe wetu, na yeye akisali sisi tuko na wake. Sijawahi kusikia neno baya juu ya mapatano hayo, mpaka mwaka huo ninaousimulia, majani yalipoanza kupukutika.

Kornelius na mkewe Helena wana watoto kumi na mmoja. Wageni huwahesabu mezani kwa kidole na kila mara hukosea, maana hawatulii. Wa tatu ni Agneta. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kuaminiwa, aina ya mtoto unayemtuma sokoni bila kumwambia mara mbili. Ijumaa zilikuwa zake.

Ijumaa hiyo kulikucha na sakitu nyeupe juu ya majani, na adhuhuri manyunyu yakaanza, yale yasiyokulowesha ila hayakuachi. Jumapili ingekuwa Sikukuu ya Mavuno, na jioni ile kwaya ilikuwa na mazoezi ya mwisho. Agneta ndiye huongoza sauti ya pili. Asipokuwepo, wanaimba kama watu waliopotea kwenye ukungu.

Sasa, ng'ombe wakiachiwa kwenye mabua ya ngano husambaa, huyu huku, yule kule, na kuwakusanya ni kazi ya kukata pumzi. Lakini kando ya mfereji kuna shamba la lusina, majani ya kulishia mifugo, la mtu wa kijiji cha chini. Ilikuwa imekatwa ikachipua tena, fupi, laini, inadondosha maji. Kila mtoto wa kwetu, kabla hajajua Baba Yetu, anajua kwamba lusina mbichi yenye maji haipewi ng'ombe mwenye njaa; inafanya povu tumboni na tumbo linafura. Agneta alijua. Alijua pia kwamba ng'ombe walio kwenye lusina hawaendi popote. Wanasimama pamoja kama wanafunzi mbele ya sufuria ya uji.

Akasema moyoni, kidogo tu. Akawafungulia pengo la uzio.

Akakaa ukingoni mwa mfereji na kitabu chake cha nyimbo chini ya mtandio, akapitia ubeti mmoja baada ya mwingine. Kisha akawaswaga wote kwa pamoja, hata mmoja hakumsumbua, na akafika nyumbani jua bado liko juu ya mipopla, ile miti mirefu ya mwisho wa njia.

"Umewahi leo," nikamwambia. Nilikuwa mlangoni napepeta maharage.

"Wametii leo, Bibi," akasema, akapita bila kunitazama.

Akabadilisha viatu akaenda kuimba.

Haukupita muda tukasikia mtu anaita ng'ambo ya njia. Kornelius akaacha shoka akakimbia. Mimi nikafuata na fimbo yangu. Ng'ombe wa Asankul, yule mweusi mwenye kengele, mlafi aliyezoea kuwatangulia wenzake kwenye kila kitu, alikuwa amesimama miguu imetanuka, ubavu wa kushoto umepanda juu ya mgongo kama ngoma. Ulimi nje. Asankul alikuwa anammiminia mafuta kwa chupa, Kornelius akamshika kichwa. Wakamtembeza, wakamsugua. Hakucheua hata mara moja.

Pembeni alisimama Meerim, mke wa mwana wao, bi harusi wa mwaka ule. Mumewe alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi. Mkononi alikuwa na kikapu kitupu.

"Ulimpa nini?" mama mkwe wake akamwuliza. Huyo ni Bubusara, mwanamke wa haki, lakini ulimi wake unaweza kukata sabuni.

"Majani ya bitiruti, mama. Kama kila siku."

"Yalikuwa makavu?"

Meerim akakitazama kikapu.

"Nakuuliza, yalikuwa makavu?"

"Yalikuwa na manyunyu kidogo."

"Kidogo," Bubusara akasema, akatugeukia sisi. "Mmesikia? Kidogo. Na ng'ombe naye anakufa kidogo."

Asankul alipoona macho ya ng'ombe yanageuka, alisema bismillahi akamchinja mwenyewe, maana nyama ni bora kuliko mzoga. Alikuwa na mimba yule ng'ombe. Sitaeleza zaidi hapo.

Agneta aliporudi kutoka mazoezini alikuta wanachuna kwa taa. Alisimama njiani, kitabu kifuani. Ng'ombe wengine wa mtaa walirudi na matumbo yaliyokaza kidogo tu, yakapungua yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyefikiria malisho. Akamsikia Bubusara akisema kwa mara ya pili na ya tatu, majani ya maji, majani ya maji, nilimwambia ayakung'ute. Akaingia ndani. Nilidhani ni huruma.

Jumamosi ni siku ya kabichi. Kwetu kabichi ya majira ya baridi hukatwa siku moja, nyumba nzima, mpaka pipa lijae. Kornelius anazikata vipande, wakubwa wanazisugua kwenye ubao wenye visu, wadogo wanakwangua karoti, na Agneta anakanda kwa chumvi na kushindilia. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda na kutega vitendawili, ili wadogo wasikimbie.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina jeshi, wote wamevaa kofia za manjano. Asubuhi wanasimama wima, siku zao zikiisha wanainamisha shingo."

"Wazee wa kanisa, mahubiri yakiwa marefu," akasema Gerhard, ambaye bado ana meno ya utoto.

Kornelius akageuka haraka kutazama dirishani ili tusimwone anacheka. "Alizeti," Tina akasema, "wee Gerhard utachapwa." Tina ni mdogo wake Agneta, ana miaka kumi na mitano, na kinywa chake hakina mlango. Alichovya kidole kwenye kabichi iliyokandwa, akaonja, akatema.

"Umetia chumvi mara mbili."

"Sijatia," Agneta akasema.

"Umetia. Bibi, onja. Anayezidisha chumvi amependa, si ndivyo? Ni yule mwenye sauti nene, mstari wa nyuma. Jana mazoezini alimpokea koti."

"Niache, Tina."

"Tazameni masikio yake yanavyowaka."

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikasema kabichi ya mwaka huu itakuwa ya harusi. Agneta akainua mikono yake, ikidondosha maji ya chumvi, akaiangalia kana kwamba si yake, kisha akairudisha pipani.

Ndipo Meerim akaingia na beseni lililofunikwa kitambaa.

"Amani iwe kwenu. Mama ameniambia niwaletee fungu lenu. Ni mbavu."

Helena akajifuta mikono. "Jamani, sisi ndio wa kuwaletea ninyi kitu."

"Amesema jirani haachwi."

"Na wewe, mwanangu, umelala?"

"Nimelala, shangazi." Macho yake yalikuwa mekundu kama ya sungura. Akaweka beseni mezani, akakunja kitambaa mara nne, polepole, maana hakutaka kurudi upesi. "Kesho kaka yangu atakuja kunichukua. Nitakaa kwetu mpaka mume wangu arudi."

"Kwa sababu ya ng'ombe?"

"Mama mkwe anasema mkono wangu mzito. Nilipoingia tu kuku walikufa, sasa ng'ombe. Anasema anaogopa kuniachia hata sufuria." Alitabasamu, kama anayesimulia habari za msichana mwingine. "Mama yangu atauliza nimefanya nini. Sijui nitasema nini. Mimi mwenyewe nayaona yale majani kila nikifumba macho."

Mikono ya Agneta ilikuwa ndani ya pipa mpaka viwikoni. Nilimwona akifungua kinywa. Nilidhani atasema neno la faraja, maana wale wawili walikuwa wakiongea kwenye uzio kila asubuhi.

"Chukua kabichi, Meerim," akasema.

Akamjazia bakuli. Meerim akashukuru, akaenda.

Jioni Helena alipika zile mbavu na viazi. Kornelius akaomba kwa kirefu, akashukuru kwa nyama, akaiombea nyumba ya Asankul na akamwombea Meerim kwa jina, ili Bwana amfundishe uangalifu. Watoto wakasema amina na vijiko vikaanza kazi. Agneta akasogeza fungu lake kwenye sahani ya Gerhard. Akala viazi. Kisha hata viazi akaviacha, akasema anakwenda kupanga maua ya kanisani.

Sikukuu ya Mavuno ndiyo siku ninayoipenda kuliko Krismasi. Mbele ya mimbari tunapanga kila nyumba ilichopata: maboga, vitunguu vilivyosukwa kama nywele, asali, matofaa, mkate mkubwa uliofumwa mfano wa mganda wa ngano. Na mwaka ule siku hiyo ilikuwa pia ya Meza ya Bwana. Kwetu, kabla mkate haujamegwa, Ndugu Isaak, kiongozi wa kanisa, huuliza kama kuna mwenye jambo moyoni, asimame aseme, asije akala hukumu yake. Kwa kawaida kuna kimya, mtu anakohoa, tunaendelea.

Agneta akasimama kwenye mstari wa kwaya.

"Ni mimi niliyewatia ng'ombe kwenye lusina," akasema. "Ijumaa. Nilitaka kuwahi mazoezi. Ng'ombe wa Mzee Asankul alikufa kwa sababu yangu, na nimenyamaza."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kanisa letu ni dogo. Ndugu Isaak alishuka, akamwekea mikono kichwani, akaomba mpaka sauti ikamkatika. Kinamama walilia. Nililia pia. Nikapita katikati ya viti nikambusu, na shavu lake lilikuwa la moto kama la mgonjwa. Kisha tukala mkate, tukaimba ule wimbo wa mazoezi, na sauti ya pili ilitoka safi kuliko siku zote. Nje kila mtu alimshika mkono. Mmoja alisema, heri kijana aliye na dhamiri laini namna hii.

Alirudi nyumbani mwepesi. Alivaa aproni, akatandika meza, akamtania Tina. Akala supu, akaomba nyingine. Kornelius alimtazama kwa macho ya baba anayejivunia mtoto wake.

Helena alikuwa hajasema neno tangu kanisani. Alimaliza kugawa supu, akaketi, akamgeukia binti yake.

"Agneta, Ndugu Isaak ana ng'ombe?"

"Anaye, mama."

"Amekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi umemwomba msamaha wa nini?"

Vijiko vikasimama, hata vya wale ambao hawatuliagi.

"Helena," Kornelius akasema taratibu, "mtoto ameungama mbele za Mungu."

"Mungu alikuwa anajua tangu Ijumaa. Asiyejua ni Bubusara."

Agneta akaweka kijiko chini. Nilimwona akipauka kuanzia kwenye midomo. Mimi niliyembusu mbele ya watu nikajiona mjinga, maana wazo hilo halikunipitia hata kidogo. Tulikuwa tumemsamehe sisi, ambao hakutukosea.

"Nitakwenda," akasema. "Nikimaliza vyombo nitakwenda."

Gari likapita nje. Dirisha letu linatazama njia, na sote tuliona: gari jeupe, kijana mmoja kwenye usukani, nyuma magodoro aliyokuja nayo bi harusi yamekunjwa mpaka juu, na kando yake mtandio wa Meerim.

Agneta alitoka mbio kichwa wazi. Alikimbia mpaka kwenye mipopla, akiita. Gari halikusimama. Alirudi akitembea, akashika nguzo ya lango.

"Sasa twende," Helena akamwambia. Akamfunga mtandio kichwani kama anavyowafunga wadogo. "Baba yako atakuja nawe. Lakini utasema mwenyewe."

Nami nikaenda. Bubusara alikuwa peke yake. Asankul alikuwa malishoni na ng'ombe wetu, maana ilikuwa Jumapili. Bubusara alitukaribisha kwenye mazulia, akaleta mkate na samli, akaweka piyala, vile vibakuli vya chai. Agneta hakungoja chai. Alisema yote, kwa Kikirgizi, bila kujitetea: lusina, mfereji, wimbo, na jinsi alivyomsikia akimlaumu Meerim naye akaingia ndani.

Bubusara akasikiliza akiwa ameshika birika. Akanimiminia mimi, nusu piyala, kama inavyopaswa. Akammiminia Kornelius, nusu. Ya Agneta akaijaza mpaka ukingoni, ikamwagikia kitambaa. Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Kunywa, uende.

Agneta akaichukua kwa mikono miwili akainywa, ikamchoma, akaimaliza.

"Tangu Ijumaa," Bubusara akasema, "nimemwita yule mtoto kila jina. Nimemwambia mama yake alimlea kwenye zizi. Na wewe ulikuwa ng'ambo ya njia unakanda kabichi."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo. Ndiyo yako inanifaa nini sasa?"

Asankul alirudi jua likielekea kuzama, ng'ombe wetu wakijiendea zizini bila taabu. Kornelius alimngoja langoni, akamweleza. Yule mzee alivua kofia, akaikung'uta manyunyu, akaivaa tena.

"Mtamba wetu mwekundu ni wako," Kornelius akasema. "Ana mimba. Tina atamleta kesho."

"Nitampokea. Sitajifanya simhitaji, yule mweusi ndiye aliyekuwa anatunywesha maziwa."

"Na Ijumaa nitamtuma mtu mwingine."

Asankul akafikiri. "Hapana. Mtume huyu huyu. Mwingine hajui kama yeye lusina inafanya nini."

Jumatatu Asankul, Bubusara na Agneta walikwenda kumfuata Meerim kwao, na mkate wa moto ndani ya kitambaa, kwa maana mama mkwe aliyemfukuza mtoto wa watu haendi mikono mitupu. Sikuwepo; Agneta ndiye aliyenisimulia, tukimenya viazi, na macho yake hayakutoka kwenye kisu. Alikiri mbele ya mama yake Meerim na kaka zake wote. Bubusara naye akasema yake, akaomba kwa heshima bi harusi arudi. Kaka mmoja alitoka nje akapiga mlango. Meerim alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa karibu na jiko. Kisha akauliza swali moja.

"Jumamosi nilipoleta nyama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa kabichi."

"Nikakupa kabichi," Agneta akasema.

Meerim akainuka kufungasha magodoro. Alirudi kwa sababu mama mkwe alikuja mwenyewe, na kwa sababu nyumba ya mumewe ni nyumba yake. Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Bubusara alibadilika kwake, hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa hata funguo za ghala ziko kiunoni mwa Meerim. Bubusara na Helena wanaazimana chachu kama zamani. Ila asubuhi kwenye uzio Meerim huitikia salamu ya Agneta kwa maneno yote ya heshima, bila kupunguza hata moja, kisha anaendelea na ndoo zake. Yale maongezi hayapo.

Na Ijumaa jioni, mpaka theluji ilipofunga malisho, ilikuwa hivi. Agneta anashuka na ng'ombe, jua likiwa limezama kabisa, kwa maana hakuwahi tena hata siku moja, kwaya ikaanza kuimba bila yeye. Kila ng'ombe anakata kona kwake. Meerim amesimama langoni kwake. Hamfungulii yule mtamba mwekundu kwanza. Anamsimamisha hapo njiani, anaweka kiganja kwenye ubavu wa kushoto, anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena chini yake. Mtamba anapumua. Agneta anasimama kando, fimbo mkononi, matope mpaka magotini, wala haendi nyumbani.

Tina aliwahi kumwambia, "Mbona unasimama pale kama mti? Nenda zako."

"Hajamaliza," Agneta akasema.